Shukrani, Radhi na Utiifu katika Utendi wa Mwana Kupona

Ikisiri

Utendi wa Mwana Kupona umezoeleka kusomwa kama wasia kuhusu wajibu wa mke kwa mumewe. Makala haya yanadai kuwa utiifu unaousiwa humo ni tawi la shukrani kwa maana yake ya Kiislamu, yaani tendo la kukiri fadhila ya mneemeshaji na kuitekelezea haki yake, na kwamba neno radhi ndilo linalounganisha dhana hizo mbili. Hoja inajengwa kwa kuyachunguza maneno shukuru, kufuru, tii na radhi katika Kiswahili, kisha kuyarejesha katika utendi wenyewe, pamoja na pale ambapo utendi unaikataa hoja hiyo.

Utangulizi

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 Miladia, akiwa mgonjwa na mjane. Mumewe, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Utendi unamwendea binti yao, Mwana Hashima, ambaye anaitwa akae karibu na mama yake, achukue wino na karatasi, asikilize. Ni beti mia moja na kidogo, kwa lugha ya visiwa vya kaskazini, na tangu zilipotungwa hazijaacha kusomwa. Mulokozi aliziingiza katika Tenzi Tatu za Kale (1999), na wengi wa wanafunzi wetu wa leo hukutana nazo humo kwa mara ya kwanza.

Hukutana nazo wakiwa na jibu tayari. Sehemu ya lawama ni ya wahariri wa mwanzo. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina linalousema kuwa ni nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo halimo katika utendi. Mtunzi mwenyewe anauita wasia wake kwa picha za hirizi na kidani cha lulu na marijani, vitu ambavyo mama humvisha mwanawe ili vimkinge na kumpamba, na wasia wa kwanza anaoutoa ni kushikamana na dini, faradhi zake na sunna zake. Mume anakuja baadaye. Lakini jina likishabandikwa mlangoni, kila aingiaye hutazama chumba kimoja tu.

Kutokana na hapo zimezuka namna mbili za kusoma. Ya kwanza inauona utendi kuwa hati ya mfumo dume: mwanamke anamfundisha mwanamke mwenzake kunyenyekea. Ya pili, ambayo imepata nguvu tangu Biersteker (1991) alipotaka utendi uangaliwe upya kwa jicho la lugha na mamlaka, inasikia sauti ya kejeli na ya ujanja: mama anamwonyesha binti namna ya kumtuliza mume kama atulizavyo mtoto mchanga, na anayetulizwa hivyo ndiye anayetawaliwa. Usomaji wa pili ni mwerevu kuliko wa kwanza, na umetusaidia kuona kwamba mtunzi si kasuku. Hata hivyo, zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo halijathibitishwa: kwamba utiifu katika utendi huu ni shauri la watu wawili, mke na mume, na kwamba Mungu ametajwa kwa desturi tu, kama anavyotajwa mwanzoni mwa barua.

Mtunzi aliyeomba dua ndefu kiasi kile mwishoni mwa utendi wake hastahili kusomwa hivyo. Kabla ya kuuliza nani anamtawala nani, inafaa tuulize maneno yake yalikuwa na maana gani kinywani mwa Mwislamu msomi wa Pate katikati ya karne ya 19.

Maneno yenyewe

Katika Kurani, kinyume cha shukuru ni kufuru. Izutsu (1964) alilieleza hili kwa kina: mzizi wa k-f-r ulikuwa na maana ya kufunika, na kafiri ni mtu aliyeifunika neema aliyopewa akajifanya hakupewa kitu. Kutoka hapo ndipo maana ya kutoamini ilipokua. Aya ya 152 ya sura ya pili inawaamrisha waumini wamshukuru Mungu na inawakataza wasimkufuru, na sura ya 76, aya ya tatu, inamgawa binadamu sehemu mbili tu: mwenye kushukuru na mwenye kukufuru. Hakuna kundi la tatu la watu wanaoamini bila kushukuru.

Kiswahili kimeupokea mzizi huu kwa namna ya kuvutia. Nomino kafiri imebeba maana ya kiitikadi: asiye Mwislamu. Kitenzi kufuru, kwa upande wake, hakikuiacha maana ya kale. Mtu akiletewa chakula akakibeza, au akiilalamikia hali yake ilhali ana afya na watoto, ataambiwa asikufuru. Hakuna anayemtuhumu kuwa ametoka katika dini. Anaambiwa kwamba amefunika neema. Mgawanyo huu kati ya nomino na kitenzi haujapewa uzito unaostahili katika kamusi zetu, ambazo hupenda kuanza na maana ya kukashifu dini na kuiacha ile ya kutoshukuru ije nyuma, ikija kabisa.

Shukuru nalo lina mipaka yake. Kwa jambo la binadamu na binadamu tunalo neno ahsante, ambalo kwa asili ni sentensi nzima ya Kiarabu, umefanya vyema, inayomwelekea msikilizaji. Ndiyo maana tukiwa mbele ya watu wengi tunalipachika kiambishi tukasema asanteni. Ahsante humsifu mtenda kwa tendo lake likaishia hapo. Shukuru hubeba zaidi. Anayeulizwa hali husema anamshukuru Mungu hata kama hali si nzuri, na mfiwa huambiwa amshukuru Mungu siku ambayo hakuna alichopokea bali amenyang'anywa. Kushukuru kwa matumizi hayo ni kuipokea hukumu na kuendelea kusimama. (Siku hizi tunasikia pia ahsante ikielekezwa kwa Mungu, hasa katika nyimbo za injili. Si kosa, lakini msikilizaji wa kale angehisi kuwa kuna mtu anampongeza Mola wake.)

Wanazuoni wa Kiislamu waliifanyia shukrani uchambuzi ambao Mwana Kupona, aliyelelewa katika mazingira ya madarasa na maulidi, hangekosa kuufahamu katika sura yake ya jumla. Al-Ghazali, katika kitabu cha 32 cha Ihya yake, kitabu kinachounganisha subira na shukrani, anaieleza shukrani kuwa ina sehemu tatu: elimu, yaani kujua kuwa neema inatoka kwa mneemeshaji; hali, yaani furaha inayozaliwa na elimu hiyo; na amali, yaani kuitumia neema katika yale anayoyapenda aliyeitoa. Bila amali shukrani haijakamilika. Ndivyo ilivyo pia katika sura ya 34, aya ya 13, ambapo jamaa ya Daudi wanaamrishwa kutenda kwa kushukuru, na ndivyo ilivyo katika hadithi mashuhuri ya Mtume aliyesimama katika sala za usiku mpaka miguu ikavimba. Alipoulizwa kwa nini anajitaabisha ilhali amekwisha kusamehewa, alijibu kwa kuuliza kama haimpasi kuwa mja mwenye kushukuru. Ibada hapo haitendwi kwa hofu ya adhabu wala kwa tamaa ya malipo. Ni shukrani iliyokuwa tendo.

Kwa hiyo shukrani na utiifu havikai mbalimbali. Neno tii lenyewe linathibitisha. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya hiari na kinyume chake ni kulazimishwa: katika sura ya 41, aya ya 11, mbingu na ardhi zinaambiwa zije kwa hiari au kwa nguvu, nazo zinajibu kuwa zinakuja zikiwa tiifu, yaani kwa hiari. Saumu ya tatawui, ambayo mtu hujitolea bila kulazimishwa, inatoka katika mzizi huohuo. Kiswahili cha leo kimeipoteza hiari hii. Tunatii amri, tunatii sheria, na askari wa Tanzania wanapotuhimiza utii wa sheria bila shuruti wanalazimika kuongeza maneno mawili kurudisha kile ambacho neno lilikuwa nacho tangu mwanzo. Msomaji wa leo anapokutana na wasia wa utiifu katika utendi wa 1858 anausikia kwa sikio la kituo cha polisi, na hilo si kosa la mtunzi.

Radhi za watano

Kiini cha utendi ni ubeti unaosema kwamba kiumbe, ili apate utulivu wa dunia na akhera, anahitaji radhi tano. Zinatajwa kwa mpango: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume, ambayo mtunzi anaongeza kuwa imekaririwa mno. Tutarudi kwenye kitenzi hicho cha kukariri.

Orodha hii imesomwa kama ngazi ya mamlaka: Mungu juu, mke chini. Kwa maoni yangu ni orodha ya namna nyingine kabisa. Tuwatazame watano hao katika vyanzo alivyokuwa navyo mtunzi. Kwamba Mungu anastahili kushukuriwa hakuhitaji ushahidi, na Mtume ndiye neema ya uongofu iliyopewa umma. Wazazi wanatajwa katika sura ya Luqman, aya ya 14, ambapo amri ya kumshukuru Mungu na amri ya kuwashukuru wazazi zinatolewa kwa kitenzi kimoja, na sababu inatajwa papo hapo: mama aliyebeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha akanyonyesha. Ama mume, Bukhari ana mlango katika Kitabu cha Imani unaohusu kumkufuru mwenzi wa ndoa, na kuhusu kufuru iliyo chini ya kufuru. Katika hadithi iliyomo, Mtume anaulizwa kama kufuru ya wanawake anaowasema ni ya kumkufuru Mungu, naye anabainisha kuwa ni ya kumkufuru mume na kukana ihsani. Kitenzi ni kilekile cha k-f-r, na maana yake hapo haina shaka: kufunika fadhila.

Watano wa Mwana Kupona, basi, ni watu ambao mapokeo ya Kiislamu yameyatumia maneno ya shukrani na kufuru kuhusu haki zao. Tofauti na ngazi ya mamlaka si ndogo. Ngazi inauliza nani mwenye nguvu. Orodha ya wanaostahili shukrani inauliza umepokea nini na kutoka kwa nani, na hadithi inayosema kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu inaeleza kwa nini binadamu wanaweza kukaa katika orodha moja na Mola bila ya kufanywa washirika wake.

Kuna ushahidi mwingine, wa kutokuwepo, ambao peke yake haungetosha lakini unaitilia hoja nguvu. Aya ya 59 ya sura ya nne, ambayo ndiyo aya mashuhuri zaidi kuhusu utiifu, inataja watu watatu: Mungu, Mtume, na wenye mamlaka. Kama Mwana Kupona angekuwa anajenga ngazi ya mamlaka, aya hiyo ilikuwa mkononi. Lakini katika radhi tano sultani hayumo. Tukumbuke mtunzi ni nani: mjane wa mtawala wa Siyu aliyepambana na Mabusaidi wa Zanzibar kwa miaka mingi na hakukubali kirahisi kuwa chini yao. Sisemi kwamba aliwaacha wenye mamlaka kwa makusudi ya kisiasa. Wasia wa mama kwa binti haukulazimika kuzungumzia himaya. Ninachosema ni kwamba nyumba iliyomkatalia sultani utii ndiyo iliyotoa utendi mashuhuri wa utii katika Kiswahili, na hilo lingewezekana tu ikiwa wenye nyumba walikuwa wakiona tofauti kati ya utii na kuwa chini ya mwenye nguvu.

Radhi yenyewe ni neno la pande mbili. Kurani, katika aya ya mwisho ya sura ya 98 na mahali pengine, inawasema watu ambao Mungu yu radhi nao, nao wakawa radhi naye. Kiswahili kimeihifadhi hali hii katika kuwa radhi, ambako ni kukubali kwa moyo, na katika kumwomba mtu akuwie radhi, ambako ni kumwomba aache haki yake. Kimeihifadhi pia katika upande wake wa kutisha: mzazi akimwachia mtoto radhi, kwa wasemaji wengi, amemlaani. Neno lenye uwezo wa kuwa baraka na laana kwa kubadilisha kitenzi tu si neno la adabu za nyumbani. Ni neno la hesabu ya haki kati ya aliyetoa na aliyepokea.

Tukiyachukua haya tukarudi katika beti za nyumbani, ambazo wahakiki wamezichekea au kuzionea haya, zinabadilika. Mwana Hashima anaambiwa ajipambe, asiache wanja, hina, pete na asumini. Anaambiwa ahudumie kwa chakula na kwa upole. Hizi ni amali za viungo kwa maana ya al-Ghazali: mwili ni neema, uzuri ni neema, nyumba ni neema, na kila kimoja kinatumiwa katika njia anayoiridhia mneemeshaji. Kinyume chake tunakiona katika Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya kaure, sasa yamebaki magofu. Walikuwa na pambo lilelile, likawa kiburi. Mwana Kupona aliishi katika kisiwa hichohicho, na sidhani kama alihitaji kuelezwa pambo bila shukrani huishia wapi.

Palipo pagumu

Hoja hii haiwezi kupita kila ubeti bila kikwazo. Baada ya kuzitaja radhi tano, mtunzi anaieleza Siku ya Kufufuliwa, na anasema kwamba siku hiyo rai ni ya mume: ataulizwa anataka nini, na alitakalo ndilo atakalotendewa mke, pepo au moto. Hapa shukrani haitoshi kutueleza. Mwenye kushukuru hulipa haki ya aliyemtendea wema. Hamkabidhi akhera yake. Na kama radhi ni ya pande mbili, mbona upande wa pili, radhi ya mke kwa mume, hautajwi katika orodha? Mtu anaweza kujibu kwamba orodha imetungwa kwa ajili ya binti, na kwamba mwana wa kiume angetungiwa nyingine. Jibu hilo ni la kweli kiasi, lakini halituondolei ukweli kwamba utendi wa mwana wa kiume kwa mkabala huo hatunao.

Kuna pia mpaka ambao wanazuoni wameusisitiza daima: hakuna kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba. Aya ya 15 ya sura ya Luqman, inayofuata papo hapo ile ya kuwashukuru wazazi, inauweka mpaka huu hata juu ya baba na mama. Utendi haujautangaza mpaka huo wazi mahali ambapo msomaji angeutarajia. Anayetaka kuutetea atasema kwamba umewekwa na mpangilio, kwa kuwa dini imetangulizwa kabla ya mume. Mimi naukubali utetezi huo kwa nusu. Mpangilio ni ushahidi kwa msomaji makini. Kwa binti aliyeozwa kwa mume dhalimu ni faraja ndogo, na historia ya jinsi utendi huu ulivyotumiwa katika malezi ya mabinti wa pwani haiwezi kufutwa kwa uchambuzi wa mizizi ya maneno.

Kwa hiyo wale wanaousoma utendi kama hati ya kutokuwa sawa kwa mume na mke hawajabuni kitu kisichokuwemo. Wamekosea walipodhani kuwa wamemaliza.

Kufa kwa Bwana Mataka

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote umo katika beti chache ambazo mtunzi anaacha kuusia akaanza kusimulia. Anaeleza maisha yake na Bwana Mataka: walivyokaa bila kugombana, walivyopendana. Kisha anakuja kwenye kifo, ambacho anakiita faradhi. Mume, faradhi ilipomjia, alimkariria mkewe radhi. Kisha anatajwa kwa vitenzi viwili vilivyofuatana, shukuru na fawidhi.

Ni vitenzi vya mja. Kufawidhi ni kulikabidhi jambo lako kwa mwenye nalo, na kushukuru kwa mtu anayekata roho ni kule kule tulikokuona kwa mfiwa: kuipokea hukumu. Tafsiri zinazosema tu kwamba alitoa shukrani zinamwacha msomaji ajiulize alimshukuru nani, mke au Mungu. Ukaribu wa fawidhi, nami naona hauna shaka, unaelekeza shukrani hiyo kwa Mungu. Mume ambaye katika beti zilizotangulia alikuwa na rai Siku ya Kufufuliwa anaonekana hapa katika hali yake halisi, mtu aliyetoa radhi kwa mkono mmoja huku akijisalimisha kwa mkono wa pili. Yeye pia yumo katika hesabu.

Na kitenzi cha kukariri kimerudi. Katika orodha ya radhi tano, radhi ya mume ilikuwa imekaririwa mno, yaani katika mafundisho, vitabuni na vinywani mwa masheikh. Kitandani pa mauti ni mume mwenyewe anayekariri, tena bila kuombwa katika ubeti huo, na kitenzi kimetiwa kauli ya kutendea na kiambishi cha mtendewa: alimkariria yeye. Lililokuwa fundisho limekuwa neno la mtu mmoja kwa mtu mmoja. Sioni kejeli yoyote hapo, wala sioni mwanamke aliyeshindwa. Naona mtu anayethibitisha kwa maisha yake kwamba hesabu aliyomfundisha mwanawe ilifungwa salama. Ndipo utendi unapomwacha mume na kugeukia dua, ambamo Mwana Kupona anawakabidhi watoto wake na jamaa zake kwa Mungu, anajiombea afueni ya maradhi yake, na anafanya kwa ajili ya nafsi yake kile alichomwona Bwana Mataka akikifanya.